Mti wa kamba ya nguo ule wa kuvuta urefu: uzoefu wangu huku mlimani Mwanza

Mwenye haraka anayejiuliza kama huu mti wa kuinulia kamba ya nguo unafaa kununua achukue jibu hapa hapa: nunua, ila kabla ya kulipa angalia mguu wa chini, angalia loki, angalia panda ya juu, urefu uwe cha mwisho. Nimeutumia kiangazi nikautumia na masika, juu ya jiwe, kwenye upepo wa ziwa, na vitu kadhaa vilivyokuja nao dukani nimeshavibadilisha, ndo maana naandika kirefu, maana ukienda dukani muuzaji anauvuta tu "unaona mama unavyopanda huu" unapenda unalipa, mengine yote unakuja kukutana nayo nyumbani.

Kwa ambao hawajauona, ni bomba mbili, nyembamba inaingia ndani ya nene, unavuta mpaka pale unapotaka halafu unakaza loki katikati, juu kuna kidude cha plastiki chenye mdomo wa kushika kamba na chini kuna kifuniko cha plastiki, basi. Wangu ukiwa umefungwa ni kama mita 1.4, ukiuvuta wote unafika 2.4. Kazi yake ni ile ile ya mti wa panda ambao kila mtu kakua akiuona kwao, ule wa kuegesha katikati ya kamba nguo zisiburuze chini. Huko Uingereza watu wanauchomeka kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, na hili la nyasi lishike vizuri maana ndo chanzo cha shida nitakayoisema baadaye.

Mimi nakaa mlimani upande wa Mabatini. Anayeijua Mwanza anajua milima yetu ilivyo, nyumba iko juu ya jiwe, choo kiko nyuma ya jiwe, uwanja wangu zaidi ya nusu ni jiwe zima limelala. Kusimika nguzo mbili za chuma za kuanikia na zege chini, kitu ambacho mtu wa Buhongwa, kule kwenye udongo, anafanya asubuhi moja na jembe lake, kwangu ni kumuita fundi aje na tindo na nyundo kubwa agonge jiwe siku nzima, na hela anayotaka ni bora nimnunulie mtoto viatu vya shule. Kwa hiyo kamba yangu imefungwa kwenye mwembe upande mmoja na upande wa pili kwenye nondo ya dirisha, katikati hapo ni kama mita 10 na hakuna kitu. Ukianika mashuka mawili matatu na jinsi kamba inashuka mpaka pindo linagusa chini, vumbi, kuku, mbuzi wa jirani, na shati jeupe la shule ndo linaanza kwanza kuchafuka. Ukiikaza sana ile kamba ili isishuke nondo inaanza kucheza na plasta inabanduka.

Hapa mdogo wangu anayefundisha fizikia sekondari alinichorea kwenye karatasi nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakiona kwa macho tu bila kujua sababu. Chukua nguo mbichi za kilo 16 umezitandaza kwenye kamba ya mita 10, ukikubali kamba ishuke nusu mita katikati basi mvuto kwenye kamba ni kama kilo 40, yani nondo yako ya dirisha inavutwa na kilo 40 wakati nguo zenyewe ni 16! Ukiikaza ishuke robo mita tu mvuto unafika kilo 80. Kadiri kamba inavyonyooka ndivyo inavyovuta zaidi, ndo maana hakuna kamba ya nguo duniani inayonyooka kabisa. Sasa weka mti katikati, umeshapata kamba mbili fupi za mita 5, kila moja na kilo 8 zake, na hata kila moja ikishuka ile ile nusu mita mvuto unakuwa kilo 10 tu. Kutoka 40 mpaka 10! Na mti wenyewe unabeba kama kilo 8 basi, nusu ya mzigo, nusu nyingine inabaki kwenye mwembe na dirisha.

Nilipoona hizo hesabu nikajua huu mti sio wa kuununua kwa unene. Kilo 8 hata fito inabeba. Kinachotakiwa ni usiteleze chini, usijifunge katikati, usiachie kamba juu. Hivyo vitatu vikikaa sawa umemaliza.

Nianze na mguu maana ndo ulionisumbua zaidi. Ule wa kwangu ulikuja na kifuniko cha plastiki ngumu yenye ncha butu, kwenye nyasi au udongo kinazama kidogo kinatulia, kwenye jiwe kinateleza. Upepo ukipiga shuka mti unasogea kidogo kidogo mpaka unalala na nguo zote chini. Dawa niliipata kwa fundi viatu anayeshona katambuga, alinikatia kipande cha tairi la gari akakitoboa akakifunga chini ya bomba na skrubu, kwenye jiwe kavu kinang'ang'ania hasa. Ila masika jiwe likiloa na ule ukijani wake hata tairi halikamati, kwa hiyo nikatengeneza kitu kingine, kopo la rangi la lita 4, ndani zege, katikati ya zege nimesimamisha kipande cha bomba la plastiki la maji ambalo mti unaingia na kutoka. Ni zito la kutosha, mtoto halisukumi, na mimi nalisogeza kwa mguu. Kama uwanja wako ni jiwe au umemwaga sakafu, fanya hili kopo siku hiyo hiyo unayoleta mti nyumbani, usisubiri.

Upepo wenyewe kwa watu wa kandokando ya ziwa una tabia yake na inabidi uutegee. Asubuhi kunakuwa kimya, jua likishapanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya huku juu inapanda na ile ya ziwani inakuja kujaza, basi kuanzia mchana unapata upepo kutoka ziwani kuja mlimani, usiku inageuka. Shuka la kitanda la sita kwa sita likiwa juu linajaa upepo kama tanga la mtumbwi, na nguvu hiyo haiendi chini kwenye mguu, inasukuma ubavuni. Kwa hiyo mimi mti siusimamishi wima, nauinamisha kichwa kikielekea ziwani, upepo ukija unakuta mti unaupinga. Na mashuka nayapeleka karibu na mwembe na dirisha, katikati karibu na mti naweka vitu vidogo, soksi, vitambaa, mashati ya shule. Hii pekee ilipunguza kuanguka sana, hata kabla ya kopo la zege.

Loki. Zipo aina mbili nilizoziona mjini, ya kuzungusha na ya pini. Wangu ni ya kuzungusha, na ndani yake ni plastiki inayotanuka kubana bomba. Ikiwa mpya inabana vizuri, mikono ikiwa na sabuni huwezi kuikaza ipasavyo, na jua letu hili la saa saba mchana plastiki inalegea, ukianika blanketi unaenda kupika ukirudi mti umepungua urefu na blanketi liko kwenye vumbi. Fundi wa kuchomelea alinitobolea matundu kwenye zote mbili, bomba nene na nyembamba, sasa napitisha msumari mnene nilioupinda kichwa, mti haushuki hata uanike godoro la mtoto. Urefu unakuwa wa hatua hatua, sio popote unapotaka, lakini nani anahitaji sentimita mbili? Ukikuta dukani wenye pini tayari chukua huo, hata kama ni bei juu kidogo.

Panda ya juu wengi hawaiangalii kabisa. Ule mdomo wa plastiki umetengenezwa kwa kamba nyembamba, kamba yangu ni manila nene, inakaa juu juu tu na upepo ukiinua nguo kamba inaruka nje. Ninachofanya nazungusha kamba mara moja kwenye shingo ya mti kabla ya kuiingiza mdomoni, haitoki tena. Wenye kamba ya waya wao waangalie zaidi, waya unakata ile plastiki taratibu, na waya ukianza kutu unaacha mstari kwenye nguo nyeupe ambao hautoki kwa sabuni wala jiki. Manila nayo ikibebeshwa nguo mbichi inavutika kwa uzito, kwa hiyo usishangae asubuhi umeweka mti sawa na baada ya kuanika unatakiwa kupandisha tena, hapo ndo unashukuru kuwa na mti wa kuvuta.

Na hapa nifike kwenye sababu yenyewe inayonifanya niseme mti huu una thamani kuliko mti wa panda wa kukata. Mama yangu amekuja kukaa na mimi kutoka Magu, bega lake la kulia halipandi. Mama ni mtu ambaye maisha yake yote kafua mwenyewe kaanika mwenyewe, ukimwambia mayu kaa nitakuanikia anakaa lakini unaona kabisa hajapenda. Kwa mti wa panda kamba iko juu muda wote, au uutoe wote kamba ishuke na zilizoanikwa tayari ziburuze. Huu naufunga uwe mfupi, kamba inakuja usawa wa kifua chake, anaanika kanga zake na mashuka yake taratibu, anabana vibanio vyake, akimaliza ananiita au anamuita mjukuu, tunavuta mti mpaka juu, tunapitisha ule msumari, nguo zote zinapanda kwa pamoja. Jioni tunashusha, anaanua mwenyewe. Jamani kama una mzazi nyumbani, au wewe mwenyewe ni mjamzito au ni mfupi, hii peke yake inatosha kuununua.

Nguo zikiwa juu zinakauka haraka zaidi pia, hilo halina ubishi, upepo wa juu haujazuiwa na ukuta wala mawe. Kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, mashuka naanika saa nne, mchana nishayaanua. Masika inategemea wingu, mvua ya huku unaiona inatoka ziwani na una dakika chache za kukimbia. Kitu kimoja, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kwa mawingu, hata uinue kamba vipi wanafika, wakitua kwenye nguo nyeupe mbichi ukawapangusa wanaacha doa. Siku wakiwepo usiache nguo nje usiku, hasa kamba ikiwa karibu na taa, na wakishatua acha nguo ikauke kwanza ndo uikung'ute.

Bei. Wangu nilinunua 35,000 katikati ya mji, alianzia 50,000 kwa hiyo usikubali ya kwanza. Ukiongeza fundi wa kutoboa, kipande cha tairi na zege ya kopo, weka kama 10,000 nyingine. Mrunda mmoja wenye panda unaupata kwa elfu tatu au bure kama una ndugu kijijini, na sitamdharau anayeutumia, kama uwanja wako ni udongo, kamba ni fupi na wote nyumbani mikono inafika juu, mrunda unakutosha, kwangu ulikuwa unaliwa na mchwa kwa chini na maganda yanachafua nguo.

Kabla ya kununua nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwenye bomba ni chuma, isiponasa yawezekana ni aluminiamu ambayo haipati kutu hii ya kuchafua nguo. Chuma sio kibaya, wangu ni chuma kilichopakwa rangi, lakini pale bomba zinapoingiliana rangi inakwanguka na kutu inaanzia hapo. Kuna na siri nyingine, maji ya nguo yanatiririka kwenye mti yanaingia ndani na kukaa chini kwenye kifuniko, bomba linaliwa kwa ndani wewe unaona nje ni zima. Toboa kitundu kidogo chini maji yatoke. Mara moja moja pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo pale zinapoingiliana halafu ufute kabisa, usije ukahamishia mafuta kwenye nguo.

Halafu ukishaanua usiuache nje. Kamba sawa, mti hapana. Bomba la chuma lililoegeshwa uani linaonekana kutoka barabarani na wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila siku na mizani yao, jirani yangu wake uliondoka hivyo. Mi naufunga uwe mfupi nausimamisha nyuma ya mlango wa jikoni, na huo ni uzuri mwingine wa ule ufupi wa mita 1.4, unaingia popote.