Mashine ya mkono ya kuchuna nyaya za shaba: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Kwa nyaya nene zenye uzi mmoja mgumu wa shaba, mashine hii ni nzuri mno. Kwa nyaya nyembamba za nyuzinyuzi, utajichosha bure.

Ni kile kimashine cha kufunga kwenye meza kwa bolti: rola yenye meno inayovuta waya, kisu cha mviringo juu yake, skrubu ya kupandisha na kushusha kisu, na mpini wa kuzungusha ambao ukiuvua unaweza kufunga drili. Mimi hushughulika na umeme wa majumbani, kwa hiyo mabaki ya nyaya hayaniishi; nayavua ganda la plastiki ili niuze shaba iliyo ndani.

Kazi yote iko kwenye kina cha kisu. Watu wengi hukishusha mpaka kikwangue shaba, halafu wanalalamika kwamba kimekuwa butu mapema. Hakuna haja kisu kifike kwenye shaba. Kikiacha utando mwembamba, ukiukunja waya ganda linapasuka lenyewe na unalivua kwa vidole. Mimi hupitisha kipande kifupi kwanza, nikikiona kinafunguka hivyo, ndipo naingiza waya wenyewe. Kwa sababu hiyo nyaya zipangwe kwa unene kabla ya kuanza, la sivyo utashinda unahangaika na skrubu. Na zinyooshwe: bana ncha moja kwenye jiriwa, vuta ile nyingine. Siku za baridi plastiki inakuwa ngumu na kisu kinateleza, basi naanika nyaya juani kwanza.

Je, inalipa? Waya wa 2.5 (milimita za mraba) una shaba ya gramu 22 hivi kwa kila mita, na ganda lake ni kama gramu 9. Karibu asilimia 70 ya uzito ni shaba, na shaba safi inayong'aa ndiyo daraja linalolipiwa zaidi. Nyaya za 10 na 16 ni raha tupu. Lakini kamba za vifaa, zile laini zenye ganda la nje na nyaya tatu ndani, shaba yake ni kama theluthi tu ya uzito. Tena unazipitisha mara mbili, nyuzi zinatawanyika kama nywele na kujisokota kwenye rola. Hizo nauza na maganda yake.

Kebo bapa nayo haikai vizuri kwenye mashine. Kama waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme ardhini) ulioko katikati hauna ganda, ushike kwa plaizi uuvute kurudi nyuma: utalipasua ganda la nje kwa urefu, kisha unachuna zile nyaya mbili kwa mashine.

Malalamiko yangu ni mawili. Matundu ya kuongozea waya ni mapana, kwa hiyo waya mwembamba unajizungusha na kisu kinachora mstari wa kupinda. Pili, skrubu ya kisu hulegea kwa mtetemo wa drili. Nimeikaza kwa nati ya ziada. Drili yenyewe iende polepole, na usivae glavu karibu na rola, maana meno yakishika kitambaa yanavuta na kidole. Miwani ya kinga, ndiyo, vaa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisichome moto tu. PVC, plastiki ya maganda haya, ina klorini. Ikiungua inatoa moshi wa asidi unaochoma mapafu, na dioksini, kemikali zenye sumu kali ambazo shaba yenyewe huchochea zitokee. Halafu shaba iliyoungua hutoka nyeusi na hushushwa daraja, kwa hiyo hata pesa unapoteza.

Kabla ya kuchuna lundo lolote, kwaruza waya mmoja kwa tupa. Ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Na kebo za zamani sana zilizofungwa kwa kitambaa au nyuzi za kijivu mimi sizigusi kabisa, kwani baadhi zina asbesto. Hata PVC ya zamani mara nyingi iliwekwa risasi (metali yenye sumu), kwa hiyo nanawa mikono kabla ya kula chochote.

Kama una lundo la nyaya nene, nunua, ila chagua ile inayouzwa pamoja na kisu cha akiba. Kama ulichonacho ni chaja mbovu na kamba za redio, kisu cha kawaida kinakutosha.