Gitaa la Pedali Katika Karakana ya Mashine za Boti, Malindi

Karakana ninayoiandikia maoni haya ipo Malindi, hatua chache kutoka ufuo wa wavuvi, na kazi yake ya kila siku ni kukereza shafti za mashine za boti na bushi zake, yaani vipete ambamo shafti huzunguka. Niliipelekea gitaa la pedali lenye nyuzi 10, lile linalolala kama meza mbele ya mpigaji huku yeye akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, kwa sababu sijapata fundi wa magitaa wa karibu anayekubali kulipindua na kugusa vyuma vilivyo chini yake. Nyuzi zangu zimepangwa kwa mtindo wa E9, ule wa wapigaji wa kantri, na gitaa lina pedali 3 na nyenzo 4, yaani mikono ya chuma inayosukumwa kwa magoti. Fundi aliuliza kama hicho ni chombo cha Wazungu, nami nikamchezea katika simu Demola Adepoju akipiga na King Sunny Adé wa Nigeria, hakuuliza tena.

Tatizo lilikuwa wenzo ambao goti la kushoto husukuma kwenda kulia. Wenzo huo hushusha uzi wa 4 na wa 8 kutoka nota ya E hadi D#, hivyo kodi (nota zinazolia pamoja) ya E meja hugeuka kuwa G# maina, na mpigaji wa E9 anauhitaji karibu katika kila wimbo. Wangu ulidai goti lisafiri kiasi cha sentimita 4, nao ulicheza huku na huku kwa kuwa tundu la bushi yake lilikuwa limelika hadi likawa na umbo la yai.

Goti likisukuma, shafti iliyolala chini ya mwili wa gitaa huzunguka kidogo, mkono mfupi uliobanwa kwenye shafti hiyo huvuta ufito mwembamba, na ufito huo huvuta kidole cha chuma kilichobeba uzi upande wa kulia wa gitaa. Mkono huo una matundu kadhaa. Ufito ukihamishiwa tundu lililo mbali zaidi na shafti, safari ya goti hupungua, lakini msukumo huwa mzito. Nilijiandaa kulieleza hilo kwa mchoro, ila yule fundi, mzee wa makamo ya bahari, aliusukuma wenzo mara mbili, akachungulia chini na kusema, “Hii ni kana ya usukani tu, mwanangu. Ukitaka kana fupi, usilalamike bega likiuma.” Kana ni ule mkono wa kushikia usukani wa boti. Tulikubaliana kuhamisha ufito kwa tundu moja tu na kukisogeza kishikizo cha wenzo sentimita 3 kuelekea goti langu.

Ukerezaji wake sina neno nao. Bushi mpya ya shaba iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na wenzo haukutikisika tena. Kabla ya kutoboa mbao kwa ajili ya kishikizo, alizungushia ncha ya kekee utepe mwekundu ili ajue pa kukomea asije akatokeza upande wa juu, tahadhari ambayo mimi mwenyewe nisingeikumbuka.

Mambo yaliharibika kwenye nati. Kila ufito huishia kwenye nati ndogo ya nailoni, nayo ndiyo mpigaji huizungusha kwa ufunguo wake mdogo ili kupima uzi upande au ushuke kiasi gani. Kijana wa karakana, aliyezoea mashine zinazotetemeka baharini, alizikaza zote hadi mwisho. Matokeo yake ni kwamba uzi wa 4 ulibaki umevutwa hata goti likiwa limetulia, E ikawa chini ya mahali pake, na wenzo jirani unaoupandisha uzi huohuo hadi F nao ukapoteza kipimo. Nati hiyo lazima iachiwe nafasi ndogo mno, kama unene wa karatasi, ili kidole kirudi chenyewe kwa nguvu ya springi. Nililifahamu hilo na sikulisema mapema, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu. Nusu nyingine ni ya mtu anayekaza asichokijua bila kuuliza.

Kosa la pili halina utetezi: katika karakana iliyo karibu na bahari kiasi hicho, kishikizo cha alumini kilifungwa kwa bolti za chuma cha kawaida. Baada ya wiki 5 zilikuwa zimeshika kutu na unga mweupe ulianza kutoka kwenye alumini. Niliporudi, mzee aliweka bolti za stenlesi zilizopakwa grisi bila kudai hata senti.

Nililipa shilingi 6,500 na kungoja siku 9. Wakati mzuri wa kwenda ni msimu wa kusi, bahari inapochafuka na boti nyingi zikiwa zimefungwa. Safari ya goti sasa inazidi sentimita 2 kwa kiasi kidogo, na uzito ulioongezeka niliuzoea kwa muda wa wiki moja. Anayepeleka gitaa lake pale achukue ufunguo wake wa nati na kipima sauti cha kubana kwenye chombo, kwa sababu mashine ya kukereza ikiwaka masikio hayasaidii, kisha nati za nailoni azikaze kwa mkono wake mwenyewe.