TAHADHARI: Viboksi vya "kutuliza umeme" wa jenereta za zamani, Kigoma

Wakuu, mwenye jenereta ya injini ya dizeli ya Lister ya urithi hapo Ujiji, Mwanga, Kibirizi mpaka Uvinza, soma hii kabla hujatoa hela. Kuna jamaa anazunguka na begi la viboksi vyeusi, anadai vinashika volti na Hz (idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde) visicheze hata injini ikichoka. Kwangu alichukua 280,000. Wiki ya pili kompresa ya friza yangu ya migebuka ikaungua.

Kilichoniponza ni kile kioo cha namba. Alifunga kiboksi, kikaandika 220 V na 50.0 Hz, akawasha balbu mbili, zikatulia tuli. Nami nikahesabu noti. Kumbe balbu haijali Hz hata kidogo, ukiipa volti inawaka tu! Friza ilipokufa nikamwita fundi, tukapunguza mafuta makusudi mpaka injini ikaanza kusuasua. Kioo bado 50.0. Mita ya fundi inasoma 43. Tukakifungua: kapasita mbili, saketi ndogo ya kuwasha namba, na mchanga uliogandishwa kwa gundi ili kiwe kizito mkononi. Wa ziwani kabisa, yaani nimeuziwa ufukwe wetu wenyewe.

Fundi akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema nisingelia. Hz hazitoki kwenye boksi, zinatoka kwenye mwendo. Kichwa cha jenereta chenye poli 4 (ncha za sumaku) lazima kizunguke mara 1500 kwa dakika ndipo upate 50 Hz. Kila mizunguko 30 ikipungua, umepoteza Hz moja. Injini yangu inakwenda 650, kwa hiyo puli na mkanda ndivyo vinavyopandisha mpaka 1500, na mkanda ukiteleza hesabu yote inaharibika. AVR yangu nayo, yaani kidhibiti volti cha jenereta, inaangalia volti peke yake. Mwendo ukishuka, inazidi kusukuma umeme kwenye koili za uga (zinazotengeneza sumaku ya jenereta) ili volti zibaki palepale. Ndiyo maana sikuona dalili: volti 220 safi, Hz 43, na mota ikipewa hivyo inavuta umeme kupita kiasi, inachemka kimyakimya mpaka inaungua. Kabla ya kiboksi nilikuwa nasikiliza mlio wa injini na kuzima friza ukibadilika. Baada ya kiboksi nikawa natazama kioo.

Nisiseme uongo, vifaa vinavyobadili Hz kweli vipo, vinageuza umeme kuwa DC (kama wa betri) halafu vinaurudisha kuwa AC (kama wa jenereta). Ila cha kubeba friza na mashine hakiuzwi mlangoni kutoka kwenye begi.

Ugonjwa wa injini yangu ulikuwa gavana, kile kifaa kinachoshika mwendo wa injini. Springi imelegea, na pini ya mkono wake imelika mpaka inacheza, basi injini ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Springi, pini ya kuchonga, mkanda mpya na ufundi: 65,000 jumla. Sasa bila mzigo inasoma 52, friza ikiingia inashuka kwenye 50 na kidogo. Kushuka huko ni kawaida ya gavana ya vyuma, msianze kuikaza kwa hasira.

Akija kwako na kioo chake, mwambie asubiri, punguza mafuta mbele yake. Namba isiposhuka na injini, mfungulie mlango aende. Mita ya kawaida yenye alama ya Hz inatosha kumkamata, na asiyekuwa nayo aazime kwa fundi wa jirani. Usikubali pia ile ya "lipa nusu, nusu nikirudi", maana nusu ndiyo anayoitaka. Mimi namba yake haipatikani tangu nilipompigia kuhusu friza, na juzi nimesikia boksi kama langu limeonekana njia ya Kasulu.

Langu lipo mezani, limefunguliwa. Mwenye kutaka kuona mchanga aje Ujiji, chai ipo.