Bweni la wasichana Mufindi: roho yangu imetulia, ila kunguni na mlango wa nyuma tuongee

Wazazi wenzangu habari zenu, naona wengi wanauliza shule za bweni za huku kwetu maana Januari ikifika kila mtu anahangaika. Mi naongelea bweni moja tu, alipo binti yangu wa kidato cha pili, shule binafsi ya wasichana wilaya ya Mufindi, jina nimeliacha makusudi kwa sababu nina malalamiko ambayo bado tunazungumza na uongozi. Matokeo siongelei, matokeo kila mtu anayaona NECTA. Naongelea wanapolala. Mtoto darasani ana masaa yake tu, maisha yake mengine yote yako bwenini, na huko ndo wazazi wengi hatufiki, tunaishia kwa mhasibu tunalipa tunageuza na basi.

Kilichonifanya niwakubali hawa watu ni jinsi walivyowapanga watoto. Sehemu nyingi njuka, yaani wanafunzi wapya, wanarundikwa peke yao, wanalia pamoja wiki nzima hamna wa kumwelekeza mwenzake, hapa chumba kimoja kina wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na njuka akiingia tu getini na tranka lake anakabidhiwa dada, mara nyingi wa kidato cha tatu, na matroni anamjua dada wa nani ni nani. Mtoto akiumwa usiku dada ndo anaenda kumgongea matroni, asipoonekana bwaloni dada ndo anaulizwa yuko wapi. Mi nilikuwa na hofu sana na hili la wakubwa na wadogo kulala chumba kimoja, enzi zetu njuka alikuwa anafua nguo za watu, anachotea watu maji, anaamshwa saa tisa usiku aimbe. Hapa mkubwa akikutwa anamfulisha mdogo mzazi wake anaitwa siku hiyohiyo, na wameshaitwa kweli, najua mmoja.

Sasa niwaambie kitu nilichoambiwa na binti yangu alipokuja likizo. Kuna mwenzao wa chumba kimoja, kwao Ludewa, alifiwa na baba katikati ya muhula. Taarifa ilifika jioni wakati wa prepo, ile saa ya kujisomea. Wale watoto walichanga hela zao za matumizi, huyu mia tano huyu elfu, wakamwongezea nauli, mwingine akamfungia begi, mwingine akamvulia sweta lake zito kwa sababu la yule lilikuwa kwenye kamba bado bichi. Alipoondoka wakagawana masomo, huyu anamwandikia baiolojia huyu jiografia, aliporudi akakuta madaftari yamejaa mpaka siku ile. Hamna mwalimu aliyewatuma. Nilimuuliza binti yangu we uliandika nini, akaniambia mama mi niliandika hesabu na mwandiko nilijitahidi. Jamani nililia.

Halafu wanatoka kila mahali, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa kama sisi, wengine wametoka Dar hawajawahi kuona ukungu, huyu wangu siku hizi anaingia ndani anatusalimia kamwene, salamu ya Wahehe na Wabena.

Baridi sasa. Mufindi sio mchezo, kama mnatoka Mbeya mjini msidhani mmezoea, Juni mpaka Agosti ni ukungu asubuhi mpaka mchana na nguo hazikauki. Fomu ya kujiunga imeandika blanketi moja, mpeni mawili, na sweta mbili, na soksi za kutosha kwa sababu soksi ndo zinagoma kukauka kabisa. Maji ya kuoga ya moto yapo kwa wagonjwa tu, wengine wanaoga ya baridi na wanazoea, ila nimewaambia uongozi kwamba shule iko katikati ya misitu ya mbao, kuni zimejaa, kuchemsha mapipa mawili ya maji mwezi wa saba haiwezi kuwashinda.

Na hizo mbao ndo zinanileta kwenye kunguni. Vitanda ni dabodeka, vile vya juu na chini, za paini, imara, vimetengenezwa hapohapo Mafinga, lakini mbao zikikauka zinaachia kwenye maungio na ule uwazi ndo nyumba ya kunguni. Muhula wa kwanza mtoto alikuja na mikono imevimba vipele vimejipanga mstari. Nikaenda, matroni hakubisha, akanichukua mpaka kitandani akageuza godoro tukaangalia wote kwenye pembe, wapo, na vidoti vyeusi vya uchafu wao kwenye shuka. Sasa kila Jumamosi magodoro yote yanatolewa juani, maungio yanamwagiwa maji yanayochemka, na likizo wanapuliza dawa. Wamepungua, hawajaisha. Mi ushauri wangu niliowapa ni vitanda vya chuma tu, wazazi tuko tayari kuchangia, wanasema bajeti. Likizo akifika nyumbani tranka linabaki nje, nguo zote kwenye maji ya moto kwanza, msione aibu fanyeni hivyo hivyo.

Lakini lililonikera kuliko yote ni mlango wa nyuma. Bweni lina milango miwili, vizuri, madirisha yana nondo kwa ajili ya wezi, sawa, ila siku naenda nikakuta ule wa nyuma umepigwa kufuli kwa nje na funguo anayo mlinzi getini. Jamani. Sisi wa mikoa hii ndo tunatakiwa kuambiwa? Agosti 2009 pale Idodi, Iringa hiihii, bweni la wasichana liliungua usiku wakafa watoto 12, na kilichosemwa ni mshumaa. Mwanafunzi akikosa umeme wakati mtihani umekaribia atawasha chochote apige msuli, asome usiku kucha, tunawajua watoto wetu. Niliongea kwa sauti, sikatai, na wazazi wengine wakanisapoti, sasa wameweka komeo la ndani na taa za sola, mishumaa ni marufuku, na matroni analala ndani ya bweni, sio nyumba ya walimu. Ila matroni ni mmoja kwa bweni zima na hapo bado, waongeze hata msaidizi.

Chakula kipo sawa, ugali maharage kabichi, makande, wali nyama Jumapili, uji asubuhi una sukari. Duka la shule bei juu, sabuni na pedi nunueni Mafinga stendi kabla hamjapanda bajaji. Simu ni Jumapili tu kwa simu ya matroni, foleni ndefu, mnaongea dakika mbili, inauma ila nimeizoea.

Ada wanapokea kwa awamu nne na hawafukuzi mtoto katikati ya mtihani, hilo nawashukuru sana. Siku ya kutembelea watoto naenda, na kitu cha kwanza nitazunguka nyuma kuangalia ule mlango, nikikuta kufuli limerudi nitawaandikia hapahapa.