2GR-FE ndani ya Toyota MR2 SW20: tunaipendekeza, kwa masharti

Kwa wanaotaka kubadilisha injini ya MR2 ya kizazi cha pili (SW20), gari dogo la michezo lenye injini nyuma ya viti, 2GR-FE ya Toyota ndiyo injini tunayoipenda kuliko zote. Ni V6 ya cc 3456, bloku ya alumini, cheni badala ya mkanda, takriban nguvu farasi 270 bila tabo (turbo). 5S-FE ya lita 2.2, mojawapo ya injini ambazo gari hili lilitoka nazo kiwandani, hutoa kama 130. Mvuto unaanza chini kabisa, na hilo ndilo tamu lake.

Giaboksi ndipo wengi hubana pesa, nao hujuta. Giaboksi ya S54, ya MR2 isiyo na tabo, haitahimili. Tafuta E153 ya MR2 ya tabo pamoja na ekseli zake. Mauntingi (vishikio vya injini) nunua zilizotengenezwa tayari, kwa sababu injini ikikaa upande hata kidogo jointi za ekseli huliwa mapema.

Kabla injini haijaingia, kagua bomba la oili la VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka). Injini za mwanzo zina kipande cha mpira, kikipasuka oili yote inamwagika na injini inakufa. Weka la chuma tupu.

Eksileta ni ya umeme, haina kebo. Chukua pedali, kompyuta na waya zote za gari lile lile injini ilikotoka, zisizokatwa. Kinga ya wizi isipoondolewa, injini huwaka kisha huzima papo hapo.

Rejeta iko mbele, mabomba hupita chini ya sakafu. Toa hewa kwenye rejeta na kwenye hita pia, la sivyo itachemsha.