Keycloak kwenye kontena: nzuri, ila usiingie kichwa kichwa

Ofisini kwetu hapa Chumbageni tuko watu 14, kila mmoja na paswedi tatu, ya Moodle (ya masomo), ya Nextcloud (ya mafaili) na ya programu ya stoo, na kila Jumatatu mie kazi yangu ni moja tu, "mwanangu njoo, imenigomea tena". Mtu akiacha kazi ndo balaa, unamfuta huku kule unamsahau. Nikasema basi, nafunga seva yetu wenyewe ya kulogini, mtu akiingia mara moja kaingia kote.

Nikachukua Keycloak. Ya bure, chanzo huria, ilianzia kwa watu wa Red Hat 2014 na tangu 2023 iko CNCF, taasisi inayolea programu huria. Kuiwasha kwa Docker, yaani ndani ya kontena, kiboksi kinachobeba programu na vitu vyake vyote, ni komandi moja, unaipa jina na paswedi ya admini, unafungua porti 8080, chai haijapoa ukurasa huu hapa.

Sasa ile komandi ya kujifunzia inaishia na start-dev, yaani ya kuchezea, mie nikaona inafanya kazi nikaiacha hivyo hivyo nikaingiza watu wote na vikundi vyao. Umeme ukakatika mara mbili, ikarudi salama, nikavimba kichwa. Wiki ya pili nataka kupandisha toleo, nikapiga docker compose down kisha up... tupu! Kumbe kwa mtindo ule data inakaa kwenye kidatabesi kilichomo ndani ya kontena lenyewe, likizimwa na kuwashwa kipo, likifutwa kimekwenda nalo, na down inafuta. Kosa langu wallahi, maelezo yao yanakataza kabisa start-dev kwa kazi, ila nani alisoma.

Mara ya pili nikatulia. Databesi ya PostgreSQL kwenye kontena lake, data kwenye voliumu, yaani hifadhi isiyofutika na kontena, na komandi ni start tupu. Hapo inakuwa kali, inataka jina la domeini na HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa) la sivyo haiwaki, nikamweka Caddy mbele, proksi inayopokea watu kwanza, ahangaike na cheti cha HTTPS, Keycloak nikaiwekea mpangilio wa KC_PROXY_HEADERS ili ijue iko nyuma ya proksi. Na relimu (uwanja wa watumiaji) ya master waachie maadmini, watu wako wafungulie ya kwao.

Kingine, zile namba sita za kwenye simu, za kuthibitisha ukilogini, zinabadilika kila sekunde 30, kwa hiyo saa ya seva lazima iwe sawa. Mashine yetu ni ya mtumba, betri ya saa imekufa, umeme ukirudi inaamka na tarehe ya zamani. Asubuhi moja ofisi nzima ilibaki nje, bosi naye. Betri mpya na kuweka NTP, inayosawazisha saa kwa mtandao, kwisha.

Naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa ulafi wa RAM, GB 2 ilikuwa inakohoa, GB 8 ndo imetulia. Kama mko watano sita jaribuni Authelia, nayo ya kulogini, nyepesi mno ila mipangilio yote unaandika kwa mkono kwenye faili. Halafu ukimzima mtu Keycloak wakati yuko ndani ya Moodle, anaweza kuendelea mpaka muda wake uishe, kamtoe na huko.

Programu ya stoo haijui OpenID Connect, lugha ya Keycloak kuongea na programu nyingine, kwa hiyo mzee wa stoo bado ananiita Jumatatu.