Kigunduzi cha migongano ya data cha Go, nilivyokijua kupitia bafa ya logi

Kwa miezi kadhaa sasa ninaendesha majaribio ya programu zangu zote nikiwa nimewasha kigunduzi cha migongano ya data (hali ambapo sehemu mbili za programu zinaigusa data ileile kwa wakati mmoja na angalau moja inaiandika), ambacho kimo ndani ya lugha ya programu ya Go tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013, na ninakipendekeza bila kusita kwa yeyote anayekusanya jumbe za logi (kumbukumbu za matukio ya programu) kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye memori, inayofikiwa na gorutini (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu) zaidi ya moja.

Kilichonishawishi ni kosa ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita mara nyingi. Jaribio langu liliielekeza loga ya kawaida, yaani kiandishi cha logi, iandike kwenye bytes.Buffer, aina ya bafa ya Go, kisha likasoma yaliyomo ili kuhakikisha kwamba ujumbe fulani umeandikwa. Niliamini niko salama, kwa kuwa loga ya Go hushika kufuli (kizuizi kinachoruhusu gorutini moja tu kwa wakati mmoja) kila inapoandika. Kumbe kufuli hilo ni la loga peke yake: linazuia gorutini mbili zisiandike kwa pamoja, lakini halimzuii anayesoma, kwa sababu yeye huifikia bafa moja kwa moja bila kupitia kwenye loga, huku gorutini nyingine ikiwa haijamaliza kuandika. Ripoti ya kigunduzi ilitaja mstari uliosoma, mstari ulioandika na mahali gorutini zilipoanzishwa. Nilirekebisha kwa kuiweka bafa ndani ya muundo wenye kufuli moja, linaloshikwa wakati wa kuandika na wakati wa kusoma vilevile. Hapo ni muhimu kurudisha nakala ya maandishi, si kipande cha baiti za bafa yenyewe, kwani kipande hicho kitaendelea kusomwa hata baada ya kufuli kuachiliwa.

Gharama ya kigunduzi si ndogo: memori huongezeka mara 5 hadi 10 na muda mara 2 hadi 20, kwa hiyo mimi hukiwasha kwenye majaribio tu. Kikiripoti mgongano, uamini. Kikinyamaza, usihitimishe kwamba hakuna, kwa maana hukagua tu sehemu za programu zilizotekelezwa. Bafa yangu nyingine ilikuwa ikimwagwa kwenye faili kila baada ya sekunde 30, ilhali jaribio lilikwisha kwa sekunde 2. Ilinibidi nipunguze muda huo hadi milisekunde 5 ndipo kigunduzi kikaonyesha gorutini ya kumwaga na ile ya kuandika zikiigusa bafa bila kufuli.